Sauti Sol: uzi kwa ajili ya vijana wa Upper Hill waliokaa pamoja miaka 18

SautiYaTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha tangu Novemba 2023, pale Sauti Sol, kundi la waimbaji wanne wa Kenya, walipopanda jukwaani Nairobi kuagana na watu kama kundi. Leo mvua imenifungia ndani hapa Tabata, acha niuandike. Ni mrefu, nitauweka vipande vipande, mnivumilie.

Nianze na nilipowajulia. Tanga, sebuleni kwa mjomba, televisheni ya kichogo. Ikapigwa video ya wimbo unaoitwa "Lazizi". Wakati huo nilikuwa naimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya vijana, na mtu wa kwaya akisikia wimbo, sikio lake linakimbilia kwanza kutafuta sauti yake imekaa wapi. Kwenye nyimbo nyingi za vijana za miaka ile sikuwa naipata. Alikuwa mwimbaji mmoja na biti lake. Humu niliipata. Gitaa limetulia, mmoja anaongoza, na kwenye kiitikio wenzake wanaingia juu yake na chini yake, kila mtu na mstari wake, hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Nikamwambia mjomba, hawa wametoka kwaya hawa.

Na kweli walikuwa watoto wa kwaya. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walisoma Upper Hill School, Nairobi, na waliimba injili pamoja kwenye kikundi kilichoitwa Voices of Light. Mwaka 2005 wakaanza kundi lao wenyewe la kuimba bila ala. Polycarp Otieno, mpiga gitaa, akajiunga baadaye na wakawa wanne. Jina wakaliunga kwa lugha mbili: Sauti ni la kwetu, Sol ni jua kwa Kihispania. Sauti za juani.

Uwanja wao wa kujifunzia ulikuwa Alliance Française pale katikati ya Nairobi. Mahali kama pale watu wamekaa kwenye viti, wamekuja kusikiliza. Ukikosea noti moja inasikika hadi nyuma. Nadhani ndiyo maana hawa jamaa, hata walipokuja kuwa wakubwa wa kujaza viwanja, hawakuwa watu wa kupiga kelele juu ya wimbo wao uliorekodiwa. Waliimba.

Naendelea chini.

SautiYaTatu

Sehemu ya pili. Mwaka 2008 wakaingia Penya Africa, kampuni ndogo ya kujitegemea ya Nairobi. Jina lenyewe zuri, maana muziki wa aina yao ulihitaji kupenyezwa: gitaa kavu na sauti nne, wakati kumbi za starehe zilitaka kitu cha kurusha watu. Chini ya Penya ikatoka albamu ya kwanza, Mwanzo. Ndimo ilimo "Lazizi", na ndimo ulimo "Blue Uniform", wimbo wa vijana na polisi ambao ukiusikiliza leo utadhani umeandikwa wiki iliyopita. Mwaka 2011 ikaja Sol Filosofia yenye "Coming Home", na mwaka huohuo wakaenda Austin, Texas, kwenye tamasha la SXSW ambako bendi ndogo za dunia nzima huenda kutafuta wa kuwasikia. Mwaka 2012 wakafanya kazi na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini, wakatoa EP, yaani albamu fupi, iliyobeba jina la kundi. Ile EP wengi wanairuka. Ni ya kielektroniki, haifanani na kitu kingine chao. Binafsi naipenda kwa sababu inaonyesha watu wanaotafuta, hawajui bado mlango uko upande gani, lakini wanausukuma kila ukuta.

Sasa niwaambie kwa nini nimeuanzisha uzi huu. Ukanda wetu huu ni makaburi ya makundi. Tazama TMK Wanaume walivyogawanyika, Juma Nature akaenda na Wanaume Halisi. Tazama Yamoto Band: Aslay, Mbosso, Beka Flavour na Enock Bella, wavulana wanne wenye sauti kama asali, wakawika miaka michache wakatawanyika. Kenya nako, Camp Mulla waliteuliwa tuzo za BET mwaka 2012, muda si mrefu wakawa historia. Kuimba wanne ni rahisi. Kukaa wanne ndiyo kazi.

Nalijua hilo kwa uchungu. Nami nilikuwa na kundi, vijana wanne kutoka kwaya ileile ya Tanga. Tulihamia Dar tukiwa na gitaa moja na godoro mbili. Tulipata shoo ya hoteli, promota mmoja (simtaji) akatuma nusu ya malipo kwenye simu ya mmoja wetu na kuahidi nusu nyingine baada ya shoo. Ile nusu ya pili haikuja kamwe. Badala ya kumfuata promota, tukageukiana sisi. Nani alipokea, alipokea ngapi, mbona ana viatu vipya. Ndani ya wiki tatu hakukuwa na kundi. Nilipokuwa nawaona wale wa Nairobi wanazidi kwenda, nilikuwa najiuliza, wao wakidhulumiwa wanakaaje pamoja?

Binti Kisauni

Kaka, yakhe, umenikumbusha mbali. Ila nianze na neno lenyewe. Huku kwetu Mombasa tunasema *laazizi*, mpenzi wa moyo, kipenzi chenye thamani. Ni neno la barua za mapenzi na la taarabu, neno la watu wazima. Wale vijana wa bara walipolitia kwenye wimbo na gitaa, mamangu alikuwa jikoni akasimama, akauliza, "Hawa ni wa wapi?" Kwa hilo nawapa heshima yao yote.

Lakini sitanyamaza kwa "Nishike". Mwaka 2014 wakaja na ile video, vifua wazi, mafuta mwilini, mpaka vituo vingine vya televisheni vikakataa kuionyesha. Mimi niliumia kweli. Niliona wamebadilisha sauti kwa miili. Hadi leo sijauweka ule wimbo nyumbani mwangu wenye watoto. Nieleze kaka, wewe unayewapenda, pale walikuwa na haja gani?

SautiYaTatu

Dada yangu, shikamoo kwa mama. Hoja yako ni nzito na sitaizunguka.

Mimi naona hivi. Kufikia wakati ule walikuwa wameshaachana na Penya, wanajisimamia. Walikuwa wamesifiwa na waandishi kwa miaka mitano, wameshazunguka Ulaya na Marekani, lakini mtu wa kawaida wa Eastleigh au Temeke alikuwa hajawajua kwa sura. Sifa hazilipi kodi ya nyumba. "Nishike" ilikuwa ni kugonga mlango kwa bega. Kwamba iliwagharimu wasikilizaji kama wewe, ni kweli, na sidhani kama walikuwa hawajui.

Ila sikiliza kilichofuata mwaka uleule. "Sura Yako". Mpenzi anaposwa, wazazi wapo, vazi la heshima, ngoma ya watu wazima na vijana pamoja. Wimbo uleule unapigwa arusini mpaka kesho, na bibi anainuka kwenye kiti. Na ndani yake sauti zimerudi palepale: sikiliza kiitikio, usimfuate anayeongoza, fuata wa chini. Novemba 2014 wakachukua tuzo ya MTV ya Ulaya, kipengele cha msanii bora wa Afrika, hafla ikiwa Glasgow. Kundi lisilo na kampuni kubwa nyuma yake.

Mwana wa Ingo

Ndugu SautiYaTatu, asante sana kwa hii uzi. Mimi ni mtu wa Mumias, niko Nairobi kikazi. Niongeze kidogo.

Hiyo "Sura Yako" ilikuja na densi ya lipala, na Julai 2015 Rais Obama alipokuja Kenya, kwa chakula cha jioni pale State House, Sauti Sol wakamwinua wakamfunza. Rais wa Marekani anacheza lipala! Sisi tuliokuwa tunaangalia kwa TV tulipiga nduru mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Hiyo usiku nilijua hawa vijana wamefika.

Na kuna wimbo watu wa Tanzania labda hamuelewi uzito wake, "Disco Matanga", ile wamefanya na Sho Madjozi na Black Motion wa Afrika Kusini. Kwetu Magharibi, mtu akifa, usiku kabla ya mazishi watu wanakesha nyumbani kwa marehemu, kunawekwa muziki, vijana wanatoka vijiji vyote. Hiyo ndiyo disco matanga. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi kwa sababu ya mambo mabaya yanayotendeka gizani, na ukweli yanatendeka. Lakini pia ndiyo mahali wengi wetu tulisikia spika kubwa kwa mara ya kwanza. Kuna jenereta, kuna vumbi, kuna mama analia ndani na watoto wanacheza nje, na hakuna mtu anaona ajabu. Hao jamaa walichukua hiyo kitu ya kijijini wakaipeleka kwa albamu ya kimataifa bila kuiosha. Nilisikia jina tu nikapata baridi.

SautiYaTatu

Mwana wa Ingo, umenifundisha. Wimbo nilikuwa naupenda kwa ngoma zake tu, leo nimeelewa kwa nini una ule uzito chini. Asante sana ndugu yangu.

Sasa nifike kwenye kiini. Kwangu mimi, mwaka wao mkubwa ni 2015. Novemba ile walitoa Live and Die in Afrika, albamu ya tatu, na waliitoa wenyewe. Hakuna lebo ya nje. Angalieni kilichomo: "Nishike", "Sura Yako", "Isabella", na "Nerea" waliofanya na Amos na Josh. Huo wa mwisho ni kijana anamsihi msichana asitoe mimba, akimtajia majina ya watu wakubwa ambao mtoto huyo angeweza kuwa kama wao. Watu walibishana sana, wengine wakasema wanaume wanne wanapata wapi kauli juu ya mwili wa mwanamke. Ubishi ule una haki yake. Lakini ni wimbo wa pop uliowafanya watu wazima wabishane mezani, na hakukuwa na ofisi ya kampuni kubwa mahali iliyowaambia "punguzeni hapa".

Watu wakisema kundi la kujitegemea wanadhani ni kundi maskini. Sivyo. Kujitegemea ni nani anashika daftari. Video unalipia wewe, safari unapanga wewe, mwandishi wa gazeti mtu wako ndiye anampigia simu. Ukikosea, hasara ni yako. Ukipatia, wimbo ni wako miaka yote. Kundi langu lilikuwa na wimbo lakini hatukuwahi kuwa na daftari, kila kitu kilikuwa kichwani mwa aliyepokea simu siku hiyo.

HesabuKwanza

Mkuu heshima kwako, uzi mtamu. Ila kuna mahali naona tunajidanganya. Mbona 2020 waliingia Universal Music Africa, tawi la kampuni kubwa ya muziki ya dunia? Midnight Train imetoka chini ya Universal. Kujitegemea kukaishia wapi?

SautiYaTatu

Swali la haki kabisa, nami nilikuwa nalikwepa.

Ndiyo, walisaini mapema 2020. Ila angalia walichobeba mfukoni kabla ya kusaini. Walitoka kwenye mradi wa Afrikan Sauce, ambao waliutoa wimbo kwa wimbo, kila mara na mtu mwingine: Patoranking kwenye "Melanin", Tiwa Savage kwenye "Girl Next Door", Burna Boy kwenye "Afrikan Star", Jah Prayzah wa Zimbabwe, Khaligraph Jones, na Nyashinski kwenye "Short N Sweet" na "Tujiangalie". Kabla ya hapo walishamfuata Alikiba wetu mwaka 2016 kwa "Unconditionally Bae". Walikuwa wanajenga barabara wenyewe, Lagos, Harare, Dar.

Na mwaka 2019 wakatangaza lebo yao, Sol Generation. Wakawaleta Bensoul, Nviiri the Storyteller na Kaskazini, wakatoa "Extravaganza" pamoja nao na Crystal Asige, ambaye leo ni seneta Kenya. Kwa hiyo Universal walikuta nyumba imeshajengwa. Walikodi ukumbi, hawakununua kiwanja.

Bahati yao mbaya ilikuwa kalenda. "Suzanna" ilitoka mwanzoni mwa 2020, ina harufu ya zilizopendwa, ikapendwa na kila mtu. Albamu ikatoka tarehe 5 Juni, corona imefunga kila ukumbi. Albamu ya kuchezwa na watu ikakosa watu. Nimewahi kuisikiliza yote usiku mmoja wa mwaka ule, taa zimezimwa, "Brighter Days" na Soweto Gospel Choir ikafika, nikakaa kimya muda mrefu. Mwaka huohuo wakaimba kwenye "Time Flies" ya Burna Boy, ndani ya Twice as Tall, albamu iliyochukua Grammy mwaka 2021.

Dj Kitonga

Wakuu, mimi napiga muziki kwenye sherehe Iringa, niseme la hakimiliki maana hapo ndipo nilipowapenda. Mei 2022, muungano wa Azimio ulipomtangaza mgombea mwenza wa Raila Odinga, video yao ikatumia "Extravaganza". Sauti Sol wakatoa taarifa hadharani: hatukuombwa ruhusa, hatukukubali, na hatumuungi mkono mgombea yeyote. Msimu wa uchaguzi, Kenya! Wengi wangenyamaza, au wangeomba bahasha.

Wengi hatujui tofauti. Kupiga wimbo kwenye ukumbi kuna leseni yake, unalipia chama kinachokusanya mirabaha, kwisha. Kuuoanisha wimbo na picha, kwa tangazo au kampeni, ni jambo jingine, hapo unamwendea mwenye wimbo umuombe. Baada ya lile sakata nilianza kuwaambia wateja wangu wa video za harusi habari hii. Wachache wananielewa. Siachi.

Binti Kisauni

Nimesoma yote. Kaka, kwa "Nishike" bado hujanishinda, lakini nimekusikia. Nami nikuongezee wangu: "Kuliko Jana". Hiyo waliimba bila ala pamoja na RedFourth Chorus, ile kwaya yenye asili ya shule yao. Watu wameshakuwa mastaa, wana tuzo, wanarudi kuimba sala na wadogo zao. Huo nauweka nyumbani kila Jumapili jirani yangu Mkristo akija, na mimi Muislamu nasikiza nimetulia. Sauti ni sauti.

SautiYaTatu

Dada, huo ndio wimbo niliokuwa nauogopa kuutaja maana nikiusikiliza siwezi kufanya kazi nyingine.

Nimalizie safari. Mwaka 2021 walitangaza kwamba kila mmoja atafanya na kazi zake mwenyewe huku kundi likiendelea, wakauita mpango huo Alone Together. Hapa kwetu ukisikia msanii wa kundi ana wimbo wake, ujue kesho kuna ugomvi. Wao waliliweka mezani mapema, kila mtu akajua mwenzake anaenda wapi. Mei 2023 wakasema wanapumzika kwa muda usiojulikana, lakini kwanza watazunguka kuaga. Wakaaga Ulaya, wakaaga Marekani na Kanada, wakarudi kumalizia nyumbani kwenye tamasha lao, Sol Fest. Bien akatoa albamu yake, Alusa Why Are You Topless?, mwezi uleule wa Novemba.

Sikuwepo Nairobi. Niliangalia vipande vya video kwenye simu. Kuna kimoja nimekitazama mara nyingi kuliko vingine: umati wote unaimba kiitikio, na wale wanne wameacha kuimba, wametulia, wanawasikiliza watu. Sauti zao zilikuwa zinaimbwa na wenye nazo wapya.

Mwana wa Ingo

Mimi nilikuwa hapo. Nililia, na si mimi peke yangu. Mzee mmoja kando yangu alikuwa amekuja na binti yake, wote walijua maneno yote. Swali langu la mwisho kwako ndugu: wale wenzako watatu wa Tanga, mliwahi kuongea?

SautiYaTatu

Ndugu yangu, swali hilo limenikalisha.

Hatukuongea tangu mwaka ule. Juzi usiku, baada ya sehemu ya tatu ya uzi huu, niliutuma kwa yule aliyepokea ile nusu ya malipo. Sikuandika salamu, niliweka kiungo tu. Asubuhi nimekuta ujumbe wa sauti, sekunde ishirini hivi. Hakutaja fedha, hakutaja promota. Anaimba sauti ya pili ya kiitikio cha "Lazizi", taratibu, nyuma yake kuna mtoto anacheka. Anafika pale ambapo mimi ndiyo ningeingia, ananyamaza, anasubiri, halafu anaendelea.

Jumamosi nampigia.